Kusoma Hadithi za Upelelezi na Hadithi za Mambo ya Kale

1. Furaha ya kusoma

Mtoto anayejifunza kusoma husoma kwanza kwa sababu ameamriwa. Mwalimu humwonyesha herufi ubaoni, naye huzifuata kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka kengele ilie. Kazi hiyo ni njema, wala hapana awezaye kuiruka. Lakini iko siku ambayo mtoto yule huchukua kitabu pasipo kuamriwa na mtu, akaketi chini ya mwembe, akasahau ya kuwa jua linatua na mbuzi wamekwisha ingia shambani mwa watu. Atakemewa kwa ajili ya mbuzi, na ni haki akemewe. Lakini siku hiyo ndiyo aliyojua kusoma kweli kweli.

Vitabu vinavyowashika watu hivyo ni vya namna nyingi. Somo hili lahusu namna mbili zinazopendwa sana. Ya kwanza ni hadithi za upelelezi: kosa limetendwa kwa siri, na mtu mwenye akili hulifuatia mpaka mkosaji ajulikane. Ya pili ni hadithi za mambo ya kale: mtungaji hushika zamani zilizopita, akawarudishia uhai watu waliokwisha kufa siku nyingi, wakasema na kutembea tena mbele ya macho ya msomaji.

Wako wazee wasemao kwamba vitabu hivi ni kupoteza wakati, kwa kuwa hadithi ya kubuni ni uwongo mtupu. Neno la wazee halifai kudharauliwa, kwa maana ni kweli kwamba mtu aweza kulewa hadithi akaacha kazi yake. Lakini hadithi na uwongo ni mbalimbali. Mwongo hutaka asadikiwe. Mtunga hadithi husema wazi tangu mwanzo kwamba anatunga, na msomaji hukubali. Nabii Nathani alipotaka kumwonyesha mfalme Daudi dhambi yake, hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Mfalme alikasirika kwa ajili ya maskini yule wa hadithi, na kwa hasira ile akajihukumu mwenyewe. Kama Nathani angalisema waziwazi tangu kwanza, pengine mfalme asingalisikia.

2. Dalili ya mvua ni mawingu

Upelelezi katika hadithi ni jambo la kale. Katika Biblia ya Kikatoliki, kitabu cha Danieli kina habari za Susana, mwanamke mwema aliyesingiziwa kosa la aibu na wazee wawili. Watu walikuwa tayari kumwua, kwa sababu mashahidi walikuwa wawili, tena watu wa cheo. Danieli, naye angali kijana, aliwatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja peke yake: kosa lilitendeka chini ya mti gani? Mmoja akataja mti wa namna hii, wa pili akataja mti wa namna nyingine. Papo hapo uwongo ukafichuka, na mwanamke akaokoka.

Katika kitabu hicho hicho, makuhani wa sanamu ya Beli walidai kwamba mungu wao hula chakula kila usiku. Danieli aliamuru majivu yanyunyizwe sakafuni, kisha mlango ukatiwa muhuri. Asubuhi chakula kilikuwa kimekwisha, lakini juu ya majivu zilionekana nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Makuhani na jamaa zao walikuwa na mlango wa siri.

Visa hivi viwili vina kiini cha kila hadithi ya upelelezi. Danieli hakupiga kelele, wala hakupiga ramli, wala hakufuata neno la wengi. Aliuliza swali linalofaa, kisha akatazama. Watu husema, dalili ya mvua ni mawingu. Mpelelezi ni mtu anayeyaona mawingu ambayo wengine wamepita chini yake bila kuinua macho.

3. Daktari aliyetunga Sherlock Holmes

Mpelelezi wa hadithi aliye mashuhuri kupita wote ni Sherlock Holmes. Mtu huyu hakuishi kamwe. Alitungwa na Arthur Conan Doyle, aliyezaliwa mji wa Edinburgh mwaka 1859. Doyle alijifunza udaktari katika mji huo, na mmoja wa waalimu wake alikuwa Joseph Bell. Daktari Bell alikuwa na desturi ya kumtazama mgonjwa kabla ya kumwuliza neno. Kwa mikono, kwa nguo na kwa mwendo wake aliweza kusema kazi ya mtu yule na mahali alikotoka. Kijana Doyle hakumsahau mwalimu wake. Kitabu cha kwanza cha Holmes kilipigwa chapa mwaka 1887, na tangu mwaka 1891 hadithi fupi za Holmes zikaanza kutokea katika jarida moja la London. Wasomaji walizingojea kila mwezi kama watu wangojeao meli bandarini.

Jambo la ajabu ni hili: Doyle mwenyewe hakuzithamini sana hadithi zile. Yeye alipenda zaidi vitabu vyake vya mambo ya kale, akaona kwamba hivyo ndivyo vitakavyolihifadhi jina lake. Mwaka 1893 alitoa hadithi ambayo ndani yake Holmes anadhaniwa amekufa, kusudi apate nafasi ya kuandika mengine. Wasomaji walinung'unika sana, na baada ya miaka michache ikambidi amrudishe.

Mbegu hiyo ilifika mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Unguja, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alimtunga mpelelezi wake mwenyewe, Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Hadithi yake ya kwanza ndefu, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili, ikatoka kitabu mwaka 1960. Watu katika hadithi ile wanaogopa mzimu. Bwana Msa haogopi, bali huuliza nani aliyekuwapo, saa ngapi, na kwa faida ya nani. Yeye ni ndugu yake Holmes, lakini nyumba yake, lugha yake na watu wake ni wa Unguja.

4. Mwana wa padre

Huenda mtu akauliza: je, akili hii ya hadithini yafaa kitu nje ya kitabu? Jibu limo katika habari ya kweli iliyompata Conan Doyle mwenyewe.

Katika kijiji cha Great Wyrley, nchi ya Uingereza, palikuwa na padre wa Kanisa la Kiingereza jina lake Shapurji Edalji. Alikuwa Mhindi wa kabila la Waparsi aliyeingia dini ya Kikristo, na mke wake alikuwa Mwingereza. Mwana wao George, aliyezaliwa mwaka 1876, alisoma sheria akawa wakili, akifanya kazi mji wa Birmingham na kurudi nyumbani kila jioni. Alikuwa mtu mpole, asiyekunywa pombe wala kuwa na marafiki wengi. Wako watu kijijini waliomtazama kwa jicho baya kwa ajili ya asili yake na rangi yake.

Mwaka 1903 lilizuka jambo la kutisha. Usiku, mtu asiyejulikana aliwapasua matumbo farasi, ng'ombe na kondoo malishoni. Barua zisizo na jina la mwandishi zilifika kwa polisi, na ndani yake George alitajwa kuwa mmoja wa wakosaji. Mwezi wa Agosti farasi mdogo wa mgodi wa makaa ya mawe alikutwa amejeruhiwa, na siku ile ile George akakamatwa. Baba yake aliapa kortini kwamba usiku ule mwanawe alilala katika chumba kimoja naye, na mlango umefungwa kwa ufunguo. Hakusadikiwa. Mjuzi wa hati za mikono alisema kwamba barua zile ziliandikwa na George mwenyewe. Mwezi wa Oktoba alihukumiwa kifungo cha miaka 7 pamoja na kazi ngumu, na jina lake likafutwa katika orodha ya mawakili. Alipokuwa kifungoni, wanyama waliendelea kujeruhiwa kijijini. Hata hivyo hakufunguliwa. Watu wapatao 10,000 walitia sahihi kuomba mambo yake yaangaliwe tena. Mwaka 1906, baada ya miaka 3, alitolewa gerezani, lakini bila kuambiwa kwamba hana hatia. Alikuwa huru, naye hakuweza kushika kazi yake tena.

Ndipo alipomwandikia Conan Doyle. Doyle alisoma habari zake, akaagana naye wakutane katika hoteli moja ya London. Alipofika alimwona George kwa mbali, ameketi akisoma gazeti, amelisogeza karibu sana na uso, tena kwa upande. Doyle alikuwa amejifunza udaktari wa macho. Kabla ya kuamkiana alikwisha kuona jambo ambalo korti nzima haikuliona: mtu huyu ana macho mabovu. Je, mtu kama huyo aliwezaje kutembea usiku wa giza, akavuka njia ya reli, akapita nyua na mashimo, akamfikia mnyama, kisha akarudi kwao bila kuonekana?

Doyle hakutosheka na hilo. Alikwenda kijijini mwenyewe, akapima njia, akatazama udongo. Tope lililokutwa katika viatu vya George halikuwa namna moja na udongo wa shamba alimojeruhiwa farasi. Nywele za farasi zilizosemekana zimeonekana katika koti lake zilikuwa na sababu nyingine: kipande cha ngozi ya farasi yule kilikuwa kimepelekwa kukaguliwa pamoja na koti. Tena mjuzi yule wa hati alikuwa amekwisha kukosea kabla yake, na kwa kosa lake mtu mwingine asiye na hatia alifungwa. Mambo haya yote Doyle aliyaandika katika gazeti mwezi wa Januari 1907, akaruhusu magazeti mengine yayachape bila malipo.

Nchi nzima ilisoma. Mwezi wa Mei 1907 serikali ilitangaza kwamba George Edalji hakuwa na hatia ya kujeruhi wanyama. Lakini haikumlipa hata senti moja kwa miaka yake iliyopotea, kwa kuwa ilishikilia kwamba barua zile aliziandika yeye. Mwaka huo huo alirudishiwa uwakili wake. Na katika mwaka huo huo wa 1907 Uingereza iliweka sheria ya kuanzisha Korti ya Rufani ya makosa ya jinai, ili mtu aliyehukumiwa vibaya apate mahali pa kupeleka shauri lake. Kisa cha mwana wa padre kilikuwa mojawapo ya sababu zilizoiharakisha.

Pwani watu wana methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa kumwonya mtu ajiangalie mwenendo wake. Lakini hakimu aifanyapo kuwa ushahidi, humfunga asiyekosa. Juu ya George yalisemwa mengi, wala hayakuwapo, wala hayakuja.

Liko fundisho jingine ambalo msomaji mwangalifu hataliacha. Katika hadithi, mpelelezi humkuta mkosaji katika kurasa za mwisho. Katika kisa hiki haikuwa hivyo. Doyle alidhani amemjua mkosaji wa kweli, akapeleka jina lake kwa serikali. Serikali haikuona ushahidi wa kutosha, na mtu yule hakushtakiwa. Basi hata mtungaji wa Holmes aliweza kudhani bila kuthibitisha. Hadithi huifundisha akili kutafuta, lakini haimpi mtu ruhusa ya kumnyoshea jirani kidole.

5. Hadithi za mambo ya kale

Mwaka 2005 mwandishi Mwingereza Julian Barnes alitoa kitabu juu ya Doyle na Edalji, akakiita kwa majina yao ya kwanza, Arthur & George. Hicho ni hadithi ya upelelezi na hadithi ya mambo ya kale pamoja. Miaka, kijiji, korti na hukumu vilikuwapo. Lakini mawazo ya George usiku gerezani, na maneno mengi ya faraghani, mtungaji ameyabuni. Ndiyo desturi ya hadithi hizi: mifupa yake ni ya kweli, na nyama imetengenezwa.

Katika Ulaya namna hii ya kuandika ilipata nguvu kwa Walter Scott, mtu wa Uskochi. Kitabu chake Waverley kilitoka mwaka 1814 pasipo jina la mwandishi, nacho chasimulia vita vya mwaka 1745, yaani mambo yaliyopita kabla Scott hajazaliwa. Katika Ivanhoe, cha mwaka 1819, yumo mfalme Richard wa Uingereza, aliyetawala kweli tangu 1189 hata 1199. Lakini Ivanhoe mwenyewe hakuwako duniani. Tena wataalamu wa historia husema kwamba Scott aliukuza mno uadui wa makabila mawili ya Uingereza, kana kwamba vita vyao vilikuwa vya jana, kumbe ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100. Wasomaji wengi waliyasadiki hayo kwa sababu yamesimuliwa vizuri. Utamu wa maneno si ushahidi.

Wenyeji wa Afrika Mashariki nao wameyaandika ya kale yao. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, mtu wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa Victoria, aliona kwamba mambo ya mababu yanasahauliwa. Akaandika kwa Kikerewe habari za mume na mke, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, waliokawia kupata mtoto, na maisha yalivyokuwa kabla ya Wazungu kufika. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, ugonjwa, posa, ngoma na mazishi. Aliimaliza kazi hiyo mwaka 1945, asipate mtu wa kuipiga chapa. Hakukata tamaa, aliitia katika Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na kitabu kilitoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Kitereza alifariki mwaka 1981. Msomaji anayekifungua kitabu kile na afikiri jinsi kilivyongojewa.

Naye Adam Shafi wa Unguja, katika kitabu chake Kuli cha mwaka 1979, alisimulia habari za wachukuzi wa bandarini waliogoma mwaka 1948. Kitabu cha historia chaweza kueleza mgomo ule kwa kurasa chache: lini ulianza, watu walitaka nini, ulikwishaje. Hadithi humwonyesha msomaji mtu mmoja na mzigo wake begani, na mama yake nyumbani. Historia hueleza lililotendeka. Hadithi humfanya msomaji aulize lilikuwaje kwa aliyetendewa. Vyote viwili vyahitajika, wala kimoja hakishiki mahali pa mwenzake.

6. Jinsi ya kuzisoma

Msomaji wa hadithi ya upelelezi asianze kwa kufunua ukurasa wa mwisho. Afanyaye hivyo ni kama mtu anayevunja chungu ili aone kilichopikwa. Na asome polepole, akiyaangalia mambo madogo: mlango ulioachwa wazi, saa iliyotajwa mara mbili, mtu aliyejibu kabla ya kuulizwa. Kisha, kabla ya sura za mwisho, afunge kitabu, amtaje moyoni mtu anayemshuku, na aseme ni kwa dalili gani. Akikosea asione haya, bali arudi nyuma atafute mahali alipopotoshwa. Atakuta mara nyingi kwamba alimshuku mtu kwa sababu ya sura yake au ukali wa maneno yake tu. Ndilo kosa lililomfunga mwana wa padre.

Msomaji wa hadithi ya mambo ya kale na ajiulize maneno manne. Nani katika watu hawa aliishi kweli? Yapi yametukia, na yapi yametungwa? Mtungaji aliishi lini, na alikuwa upande wa nani? Na wako wapi watu wasiotajwa, kama watumwa, wanawake na watoto? Akitaka majibu, na aende kwenye kitabu cha historia, tena kwa wazee wangali hai.

Mwisho, kila jambo lina saa yake. Hadithi isomwe kazi ikiisha, mbuzi wamekwisha fungwa na maji yamekwisha tekwa. Wala asione mtu kwamba furaha yake ni dhambi. Anayesoma habari za Susana au za George hujiweka kwa muda katika nafasi ya mtu anayesingiziwa na mji mzima. Siku moja, naye amekuwa mzee wa baraza, au hakimu, au mzazi tu mbele ya watoto wanaogombana, ataletewa mtu ambaye wote wamekwisha mhukumu. Hapo atakumbuka kuuliza: chini ya mti gani?

MAZOEZI

1. Kuna tofauti gani kati ya mwongo na mtunga hadithi?
2. Danieli alitumia njia gani kuwafichua wazee wawili? Na makuhani wa Beli je?
3. Taja dalili tatu zilizoonyesha kwamba George Edalji hakumjeruhi farasi.
4. Kwa nini methali "lisemwalo lipo" haifai kuwa ushahidi kortini?
5. Conan Doyle naye alikosea wapi katika kisa hiki?
6. Eleza maana ya maneno haya: "mifupa yake ni ya kweli, na nyama imetengenezwa."
7. Mwulize mzee mmoja wa kwenu habari ya jambo lililotukia kabla hujazaliwa. Liandike mara mbili: kwanza kama historia, kisha kama hadithi. Piga mstari chini ya kila neno ulilolibuni.